Mechi Moja Isivuke Mpaka Mara Elfu

Jioni ya 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, walisimama wimbo wa taifa ukipigwa, mkono mmoja umefunika mdomo, vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kwenye panja kama bastola. Ugenini wapo waliouliza maana yake. Beni na Butembo, huku kwetu Kivu Kaskazini, maelezo hayakuhitajika. Mauaji ya raia yaliyoanza upande wa Beni Oktoba 2014 yalikuwa yameingia mwaka wa kumi, na kwa dakika ile moja dunia iligeuza macho kwetu. Mechi yenyewe tuliipoteza kwa bao la Sébastien Haller.

Picha ile iliweza kumfikia mtu kwa njia mbili, na tofauti ya njia hizo ndiyo inayonishughulisha. Mwenye dishi na dekoda aliipokea kutoka kwenye setilaiti. Setilaiti humwaga mawimbi yake juu ya nchi nzima kwa mkupuo mmoja. Akiongezeka mwenye dishi Kipese, kule kwenye milima ya Lubero, hakuna anayepunguziwa chochote Beni. Mwenye simu hali yake ni nyingine kabisa. Simu yake huomba nakala yake peke yake, ya jirani huomba yake, na kila nakala husafiri kivyake hadi kwenye mnara na kutoka kwenye mnara. Chukua vijana watatu walioketi benchi moja Kimemi, hapa Butembo, kila mmoja na mega zake za intaneti alizonunua. Watavuta mara tatu, na kulipa mara tatu, sekunde zilezile za mchezo uleule. Wakiwa elfu, ni mara elfu. Hapo ndipo picha inapoganda mshambuliaji akiwa amenyanyua mguu, na bao unalisikia kwanza kwa kelele za nyumba ya jirani mwenye dishi.

Huu ni upotevu wa ajabu kwa mji kama Butembo, kwa sababu katika biashara Butembo haifanyi hivyo kamwe. Wafanyabiashara wetu wameagiza bidhaa Dubai na Guangzhou kwa miaka mingi, na wenye mtaji mdogo huchanga mizigo yao katika kontena moja. Kontena hushuka Mombasa, hupita Uganda, huingia kwa Kasindi, na ikifika hufunguliwa na kila mtu kuchukua chake. Kuvusha mpaka ni ghali, kugawana ndani ya mji ni rahisi, basi unavusha mara moja na kugawana mara nyingi. Intaneti ya mashariki ya Kongo nayo kwa sehemu kubwa hupita upande huohuo, kwa Uganda au Rwanda hadi kwenye nyaya za Bahari ya Hindi. Ila yenyewe tunaiagiza kama watu wasiojuana.

Kugawana huko si ndoto ya mwandishi wa gazeti. Mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen alitoa programu ya BitTorrent, na wazo lake lilikuwa jepesi: faili kubwa likatwe vipande, na kila anayepokea kipande aanze papo hapo kumpa mwenzake. Anayepakua anakuwa pia mtoaji, hivyo wateja wakiongezeka na wahudumu wameongezeka. Miaka michache baadaye watafiti na vijana wa China walilipeleka wazo hilo kwenye matangazo ya moja kwa moja. CoolStreaming ilianza 2004, PPLive ikafuata, na mamilioni ya watu wakatazama televisheni kwa kupokezana vipande bila kujuana. Skype ilipozaliwa 2003 ilisimama juu ya kompyuta za watumiaji wake. Spotify ilipitisha muziki kwa wasikilizaji wenyewe mpaka 2014, ilipoona seva zake zinatosha na kuachana na njia hiyo. Kampuni tajiri huachana nayo zikishaweza kununua seva za kutosha, na sioni kwa nini uamuzi wao uwe sababu ya sisi tusio na seva kuidharau.

Ugumu wote uko katika swali moja: njia ikiwa nyembamba, nani apewe kiasi gani, na nani kwanza?

Cohen alijibu kwa kanuni ya nipe nikupe. Kompyuta yako huwapa vipande wachache tu kwa wakati mmoja, kwa kawaida wanne, wale ambao nao wanakupa kwa kasi nzuri. Kila sekunde 10 hupima upya ni nani anayekupa vizuri, na kila sekunde 30 hujaribu mgeni mmoja kwa bahati, maana bila bahati hiyo mgeni asiye na kitu hangepata pa kuanzia. Kanuni hii ilitokana na uzoefu mchungu. Mwaka 2000 watafiti Eytan Adar na Bernardo Huberman walichunguza mtandao wa Gnutella, wakakuta karibu asilimia 70 ya watumiaji hawatoi faili hata moja, na kwamba karibu nusu ya majibu yote yalitoka kwa asilimia moja tu ya kompyuta. Watu walikuja kula wakaondoka. Nipe nikupe ilikuwa fimbo ya kuwashika.

Fimbo hiyo hapa kwetu itampiga asiye na kosa. Tuseme kanisa kuu la Butembo linarusha misa ya Jumapili kwa picha ya kilobiti 500 kwa sekunde, ambayo ni picha ya kawaida ya simu. Saa moja ya misa hiyo ni megabaiti 225. Anayetazama tu atatumia 225. Anayetazama na kumpitishia mtu mmoja atatumia 450, kwa sababu kampuni ya simu inahesabu kinachotoka sawasawa na kinachoingia. Mama wa mtaa wa Vulamba aliyenunua mega zake kwa faranga za kuuza mihogo hatoi si kwa uchoyo. Kwake kutoa kuna bei, tena bei ileile ya kupokea, na bado hatujataja betri ya simu katika mji ambao umeme haujawahi kuwa jambo la hakika. Kanuni iliyobuniwa kwa watu wa nyaya za nyumbani, wanaolipa kwa mwezi hata wakitumia usiku kucha, ukiileta hapa kama ilivyo inageuka kodi kwa maskini. Kodi za namna hiyo tumezionja: kuanzia 2020 simu zetu zilikuwa zikikatwa pesa za RAM, ada ya usajili wa simu, kwa kosa la kuwa simu, mpaka zikafutwa 2022 baada ya watu kulalamika wee.

Tufanye hesabu kidogo, maana katika jambo hili hesabu ndiyo inayotoa hukumu. Kanisa lina njia ya kutoa megabiti 2 kwa sekunde. Peke yake linaweza kuwahudumia watazamaji wanne. Wakiwa 100 zinahitajika megabiti 50. Kila simu ikiweza kutoa 0.3 tu, basi 100 kwa pamoja zinatoa 30, na ukijumlisha 2 za kanisa unapata 32. Wagawie 100: kila mmoja ana kilobiti 320. Picha itasinyaa au itaganda, na hakuna ujanja wa programu utakaoongeza hata kilobiti moja, kwa sababu kinachopokelewa na wote hakiwezi kuzidi kinachotolewa na wote. Sasa badilisha jambo moja. Kati ya hao 100, weka 12 wenye njia nzuri inayoweza kutoa megabiti 2 kila mmoja: chuo, hospitali, ofisi ya mfanyabiashara, redio. Hao 12 wanaleta 24, wale 88 wanaleta 26.4, kanisa 2. Jumla ni 52.4, na picha inamtosha kila mtu. Watu 12 kati ya 100 wameliokoa kundi zima.

Lakini hao 12 wataliokoa kundi ikiwa tu watapewa kwanza. Ndipo haki ya kawaida na haki ya mtandao zinapoachana. Akili yetu ya kawaida husema aanze mnyonge, au aanze aliyefika mapema. Katika matangazo ya moja kwa moja kipande cha picha kina saa yake ya kufa: kikichelewa sekunde kadhaa hakina kazi tena. Kikimfikia kwanza mwenye simu dhaifu kitakaa hapo, na wengine wote watasubiri nyuma yake. Kikimfikia mwenye njia pana, sekunde hiyohiyo kimeshagawiwa kwa wanne, na kila mmoja wao kwa wengine. Watafiti waliolipigia hesabu jambo hili walifika kwenye jibu hilohilo, kwamba wenye uwezo mkubwa wa kutoa wakae karibu na chanzo. Mnyonge anapata mapema zaidi akiwekwa nyuma ya mwenye nguvu kuliko akiwekwa mbele yake. Najua sentensi hiyo wanasiasa wetu wangeipenda kwa sababu mbaya. Tofauti ni kwamba katika mtandao mwenye nguvu akipokea bila kutoa anaonekana palepale na kurudishwa nyuma, jambo ambalo Kinshasa bado halijavumbuliwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: katika miji kama yetu upana wa njia ugawiwe kwa uwezo wa kutoa na kwa ujirani. Nipe nikupe ibaki kwa wanaotoa bila gharama. Anayelipa mega aruhusiwe kupokea tu, bila kuitwa mnyonyaji.

Ujirani nauwekea mkazo kwa sababu unadanganya. Vijana wetu watatu wa Kimemi wako benchi moja, lakini simu zao zikipokezana kupitia mtandao wa simu, kipande kinapanda mnarani na kushuka tena. Badala ya kuupumzisha mnara wameuongezea kazi. Isitoshe, kampuni za simu huficha maelfu ya simu nyuma ya anwani chache, hivyo simu mbili haziwezi kutafutana moja kwa moja bila seva ya tatu kuziunganisha. Ujirani wa kweli ni Wi-Fi ya nyumba, antena ya paa hadi paa, au simu kwa simu. Hili la mwisho watu walishaligundua bila kufundishwa na yeyote. Filamu inaingia mjini mara moja, kisha inapita kwa programu ya Xender na kadi ya memori kutoka mkono hadi mkono, na mwanafunzi anayerudi likizo anapanda nayo Kipese mfukoni. Kwa wingi wa data kwa faranga moja, mfuko wa mwanafunzi huyo unaishinda minara yote iliyo njiani. Kasoro yake ni moja tu, kwamba haubebi kitu cha moja kwa moja.

Vita hivi vya kubakiza data nyumbani Wakenya walivipigana kabla yetu. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha Nairobi, KIXP, barua pepe ya mtu kwenda kwa jirani yake wa kampuni nyingine ilipanda setilaiti, ikafika ng'ambo, ikarudi. Watoa huduma walikiwasha kituo Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee ya njia za kimataifa, ikalalamika, na mamlaka ikakifunga baada ya wiki mbili tu. Kibali kilipatikana 2001, kituo kikafunguliwa tena Februari 2002. Uchunguzi wa shirika la Internet Society uliotolewa 2012 ulionyesha kuwa muda wa ujumbe kwenda na kurudi ulishuka kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10, na watoa huduma wakawa wanaokoa karibu dola milioni moja na nusu kwa mwaka. Kufikia 2020, data iliyotoka humohumo Kenya ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hivi hadi 70. Kongo nayo ina KINIX, iliyoanza 2012, ila ni ya Kinshasa, na Kinshasa kwa mtu wa Butembo iko mbali kuliko Kampala.

Hata bila kituo kikubwa, majirani zetu wametuonyesha. Kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kulijengwa mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net. Kaskazini mwa Uganda, kuanzia 2007, jimbo kuu katoliki la Gulu kupitia BOSCO liliunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa Wi-Fi ya masafa marefu, kompyuta zikiwashwa kwa jua, na watu wa kambi mbalimbali wakazungumza na kutumiana mafaili wao kwa wao hata pale njia ya nje ilipokuwa ndogo. Narudia: jimbo katoliki. Butembo-Beni ni jimbo la marehemu Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza kutoka 1966 hadi 1997, na wazee bado wanasimulia jinsi kanisa na wafanyabiashara walivyoshika wenyewe utunzaji wa barabara pale serikali ilipokuwa haipo. Tuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben tangu 1989, tuna Redio Moto, tuna parokia zilizojengwa juu ya vilima, na kilima kwa antena ni nusu ya kazi. Wale 12 wa hesabu yangu tayari wanafahamika kwa majina. Kilichokosekana ni wao kukaa meza moja.

Faida nyingine ya mtandao unaokaa ndani ya mji tulijifunza Desemba 2018. Beni na Butembo ziliondolewa kwenye uchaguzi wa rais kwa sababu ya Ebola na usalama, kura zetu zikapangiwa Machi, na tarehe 31 serikali ikakata intaneti nchi nzima. Ilirudi 20 Januari 2019. Siku zote hizo, katikati ya mlipuko uliokuja kuua watu 2,287, habari rasmi zilibaki na redio, na mengine yote yakabaki na uvumi. Antena zinazoangaliana kutoka paa hadi paa hazizimwi kwa barua moja kutoka Kinshasa kwenda kwa kampuni za simu. Huenda hiyo ndiyo sababu kibali chake kitachelewa.

Kuna pingamizi moja ambalo silidharau. Katika kupokezana, kila mmoja anaona anwani ya anayempa na ya anayepokea kwake. Kule Ulaya hofu ni wenye hakimiliki. Hapa, chini ya hali ya kuzingirwa (état de siège) iliyotangazwa Mei 2021, huku makundi yenye silaha yakiwa misituni na barabarani, orodha ya nani alitazama matangazo gani usiku inaweza kuwa hatari kwa mtu. Programu huhakiki kwamba kipande ulichopewa hakikubadilishwa njiani. Haihakiki kwamba kilichosemwa ni kweli, wala haifichi kwamba ulikisikiliza. Ndiyo maana sitaki simu ya kila mtu iwe mgawaji. Wagawaji wawe wale 12, taasisi zenye mlango unaojulikana na mtu wa kuulizwa, na simu ya mama wa Vulamba ionwe na mmoja wao tu. Ufanisi unapungua karibu nusu, na picha haitamtosha tena kila mtu. Naupunguza bila majuto.

Kampuni za simu nazo zina neno lao. Zitasema wateja wakigawana wenyewe, mega hazitanunuliwa. Jibu langu ni kwamba Google na Netflix tayari huweka seva za akiba ndani ya mitandao ya simu ili video zao zisivuke bahari kila mara, na kampuni hizo huzipokea kwa furaha kwa sababu zinapunguziwa gharama ya njia ya nje. Ikiwa video ya California inahifadhiwa ndani ya mtandao wa simu, mbona misa ya Butembo inyimwe? ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, iliyoipa kampuni ya intaneti ya setilaiti ya Starlink kibali 2025 baada ya kuizuia 2024, ina uwezo wa kudai jambo dogo kuliko hilo: data inayoanzia na kuishia ndani ya mji mmoja itozwe bei yake, tofauti na ile inayovuka mpaka. Mfanyabiashara hatozwi ushuru wa Kasindi kwa kuhamisha magunia kutoka Bulengera hadi Mususa, ndani ya Butembo.

Nisingeanza na picha, hata hivyo. Wahandisi wa mkondo wa video hupenda kuupanga kwa tabaka, tabaka la chini likiwa sauti na picha hafifu, la juu likiwa urembo, ili njia ikibana urembo ukatwe kwanza. Kwetu tabaka la chini liwe sauti tupu. Sauti inayosikika vizuri hutaka kilobiti 32 kwa sekunde. Watu 100 ni megabiti 3.2, na hapo hata wagawaji wawili wanatosha bila kuwasubiri wale 12. Saa moja ni megabaiti 14.4 kwa msikilizaji, badala ya 225. Kwa bei hiyo habari za jioni, tahadhari ya barabara ya Beni, bei ya viazi na misa vyote vinaweza kufika Kipese, na kama wachezaji wa Leopards watafunika midomo tena, mtangazaji atatueleza walichokifanya.